Aliyekwenda Makka kwa Mifuko ya Saruji

Kulikuwa na mzee wa Pongwe aliyekwenda Makka kwa mifuko ya saruji. Hakuipanda, msinicheke, aliinunua. Aliinunua kwa kadi ya benki, kila mfuko ukamzalia pointi, na pointi zilipofika kimo fulani benki ikampigia simu ikamwambia, mzee, funga mkoba, ndege inakungoja. Akaenda, akatufu, akanywa zamzam mpaka tumbo likawa ngoma, akarudi Pongwe na kanzu mpya, na hakutoa mfukoni mwake hata nauli ya bodaboda. Ndivyo nilivyoambiwa. Nikaamini, tena kwa imani ambayo ningeitia kwenye sala zangu ningekuwa walii siku nyingi.

Aliyenipa habari hiyo ni jirani yangu wa Makorora, mwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa za simu mbele ya nyumba tunayopanga. Mtu anayeshika pesa za watu kutwa nzima, wewe unamwona kama anazijua mpaka ndoto zake. Akaongeza kwamba kiti cha yule mzee ndani ya ndege kilitariziwa jina lake kwa uzi wa dhahabu. Hapo mwenye akili angeanza kusita. Mimi ndipo nilipovuta kigoda nikaketi vizuri.

Nilikuwa na sababu ya kuketi vizuri. Mama yangu anakaa Kigombe, na macho yake yalikuwa yanafunga. Daktari aliita presha ya macho, akampa dawa ya matone, akatuambia bila kuzungusha kwamba matone yatapunguza mwendo tu. Sehemu iliyokwisha kuzima hairudi. Mama alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi: katikati kuna mwanga, pembeni hakuna dunia. Na mwanzi wenyewe ulikuwa unazidi kuwa mwembamba.

Ukutani kwake, mkabala na kitanda, limetundikwa zulia dogo lenye picha ya Al-Kaaba, zawadi ya marehemu shangazi yangu. Mama alikuwa akilitumia kupimia macho. Kila nikienda ananieleza leo amebakiwa na nini. Siku moja, kabla ya yote haya kuanza, nilimkuta ameketi akilitazama, akaniambia:

"Mahujaji wote wameondoka. Imebaki nyumba peke yake."

Yeye akacheka, akasema afadhali, atatufu bila kusukumwa.

Ila haja yake haikuwa mzaha. Alitaka kuiona nyumba ile kwa macho haya, akiwa bado nayo. Hakutaka kufikishwa pale kwa kushikwa mkono na kuambiwa, mama, ndiyo hii mbele yako. Alikwisha kuniambia mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na hakurudia tena. Ningefurahi angerudia. Neno linalorudiwa unalizoea.

Sasa mimi ni nani wa kumpeleka mtu Makka? Mimi ni karani wa mizani katika ghala la katani. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, darasani nikiwa mkubwa kuliko mwalimu, na siku ya matokeo nilitembea barabara zote za Ngamiani, ya kwanza mpaka ya mwisho, ili kila mtu apate nafasi ya kunipongeza. Mshahara wangu unatulisha mpaka katikati ya mwezi, na nusu inayobaki tunalishwa na visheti. Nakaanga alfajiri, mke wangu anavipitisha kwenye shira ya sukari, navifunga, navipeleka kwa baiskeli madukani kabla ya kazi. Visheti vyangu ni habari nyingine. Mtoto akilia Chumbageni akapewa kisheti changu kimoja, hanyamazi tu, anaanza kusoma. Lakini visheti ni visheti. Vinanunua chumvi, vinalipa umeme, havivuki bahari.

Cha kuuza hatukuwa nacho. Nyumba ninayokaa ni ya watu. Shamba la minazi la marehemu baba liliondoka pamoja na ugonjwa wake, mnazi baada ya mnazi. Nyumba ya mama Kigombe ni ya udongo, ya warithi wengi, imeegemea upande kama inamsikiliza jirani. Ukiiuza utakuwa umeuza kivuli.

Basi jirani aliposema kuna benki mjini inatoa kadi hiyo hata kwa wenye biashara za pembeni, kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda. Nilivaa shati la Idi.

Alinipokea binti mmoja wa dirisha la mikopo, mpole, akaniamkia shikamoo kabla sijaketi. Akanieleza. Kadi ipo. Unanunulia mali ya biashara, mwisho wa mwezi unailipa benki, na kila unaponunua unapata pointi. Ukilipa zote kwa wakati hakuna nyongeza. Ukichelewa, kuna riba. Wanataka leseni, namba ya mlipa kodi, na taarifa ya akaunti ya miezi sita, waone biashara inavyokwenda. Nikamuuliza kama pointi zinaweza kuwa tiketi ya ndege. Akasema kwenye zawadi zao tiketi imo, kwa wateja wenye pointi nyingi sana. Mimi nilisikia tiketi imo. Hayo mengine yalipita kama upepo wa kusi.

Neno riba nililiacha palepale mezani kwake. Sikulibeba mpaka Kigombe. Lakini mama ana masikio yanayofanya kazi ya macho pia, na nilipomweleza mpango wangu, aliuliza jambo moja tu, kama hiyo kadi ina riba, maana kwa riba haendi hata akifungiwa mbawa. Nikamwambia pointi ni zawadi ya mnunuzi, kama mwenye duka anavyokuongezea sukari kidogo. Akaridhika. Siku ile alikuwa bado anauona ule mkanda wa dhahabu unaoizunguka Al-Kaaba, akaniambia unakatika pembeni lakini upo.

Nikaanza kuhangaikia karatasi. Katika ofisi ya kodi ndipo nilipojimaliza kwa ulimi wangu mwenyewe. Afisa aliniuliza, kwa upole kabisa, visheti vinaniingizia kiasi gani. Mtu mwingine wa Tanga angekunja uso, angesema afande, biashara ngumu, ni ya kubahatisha. Mimi kichwani nilikuwa na benki. Nilifikiri kitakachoandikwa pale ndicho benki watakachokisoma. Nikamwambia afisa kwamba visheti vyangu vinakwenda Pangani, vinakwenda Muheza, vinapanda mpaka Lushoto, na kwamba mwezi wa Ramadhani karai halipoi. Nikamtajia kiasi ambacho hata mimi kilinipa heshima. Akaandika, akaniangalia, akaandika tena. Katika maisha yangu yote huyo ndiye mtu wa kwanza kuyaamini maneno yangu yote bila kupunguza hata moja. Akanipa makadirio ya kodi.

Nilipomwonyesha mke wangu, aliisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma kama anatafuta mzaha uliko.

"Huyu tajiri anakaa mtaa gani?" aliniuliza. "Nataka nikamwombe unga."

Tukailipa awamu ya kwanza. Pesa za awamu hiyo zilitoka kwenye sukari na unga, kwa hiyo biashara niliyoisifia ilipungua kwa sababu ya sifa zake. Madukani wakaanza kuuliza visheti viko wapi.

Ikabaki taarifa ya akaunti. Akaunti yangu ilikuwa imekaa kama chumba cha mgeni, safi na tupu. Nikamweleza jirani. Naye, akiwa ameegemea dirisha la kibanda chake, akanifundisha somo ambalo masomo ya jioni hayakunifundisha. Benki, alisema, haipendi pesa inayolala. Pesa iliyolala kwenye akaunti kompyuta inaihesabu kuwa imekufa. Benki inataka mzunguko.

"Benki ni kama mizani yako, ndugu yangu," akasema. "Inapima kinachopita. Wewe pitisha tu."

Nilihitaji pesa ya kupitisha. Mke wangu alikuwa kwenye mchezo wa akina mama wa mtaa wetu, wanachanga kila wiki na kupokezana, na zamu yake ilikuwa imefika. Pesa ile alikuwa ameipangia jiko kubwa la gesi, aache kuumwa kifua kwa moshi wa mkaa. Nilimweleza habari za mama. Hakubishana. Alifungua pindo la khanga akanipa, akasema neno moja tu, kwamba pesa inayotembezwa sana itachoka njiani.

Tukaanza kuitembeza. Asubuhi naiweka benki kwa jina la visheti. Mchana natuma kwa jirani, kama vile namlipa mwenye unga. Jirani ananirudishia, kama vile ni duka limelipa. Jioni inatoka tena, isije ikalala. Siku nyingine tulikuwa na bidii mpaka pesa ile moja ilikuwa mimi, ilikuwa yeye, ilikuwa sukari, ilikuwa mafuta, ilikuwa mteja wa Lushoto, na jua halijafika kichwani. Kwenye simu yangu ujumbe uliingia mfululizo kama mvua ya masika juu ya bati. Nilikuwa nasoma jina langu pembeni ya kiasi cha pesa na moyo unapanda. Nilianza kutembea taratibu barabarani, kama wafanyabiashara wanavyotembea.

Kila ilipopita, ilimegwa. Makato ya kutuma, makato ya kutoa, na tozo. Ilikuwa kama andazi linalopitishwa mikononi mwa watoto wa madrasa. Linamfika wa mwisho likiwa limebaki la kung'ata mara moja tu. Jirani naye alikuwa na kamisheni yake kwa kila muamala, na simsemi vibaya, ndiyo kazi yake, na aliamini alilokuwa anasema. Nina hakika aliamini. Aliniambia siku kadi yangu itakapotoka, na yeye ataomba ya kwake.

Miezi ile nilikwenda Kigombe kila nilipoweza. Ukishaipita Tongoni baiskeli inajua njia yenyewe. Mara moja nilikuta mama ameusogeza mkeka karibu kabisa na ukuta, uso umelikaribia zulia kama anataka kulinusa. Mkanda wa dhahabu alikuwa anauona kipande tu, kipana kama kiganja, kisha anasogeza kichwa akitafute kipande kingine. Alikuwa anaisoma Al-Kaaba vipande vipande, kama asomaye barua kwa mwanga wa njiti. Akaniuliza kadi imefika wapi. Nikamwambia iko njiani, wanasubiri karatasi moja, mkubwa wao mwenyewe amenisifu. Hakuna mkubwa aliyenisifu. Mkubwa simjui hata kwa sura.

"Waambie wasiharakishe sana," mama akasema, "wasije wakakosea jina langu kwenye kiti."

Maana ule uzi wa dhahabu nilikuwa nimemwambia.

Miezi sita ilipotimia nilivaa lile shati la Idi, nikaenda benki na faili lililonona. Binti alikuwa yuleyule. Akafungua taarifa yangu kwenye kompyuta yake, akaishusha, akaishusha, na mimi nikawa natazama uso wake kama mama anavyotazama zulia. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili na mimi nione, akaweka kidole.

"Baba," akasema, "hizi ni pesa zilezile."

Nikamwambia ni mzunguko.

Akanieleza bila kunidharau, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Pesa inaingia asubuhi, jioni yote imetoka. Inatoka kwangu kwenda kwa mtu mmoja, inarudi kutoka kwa mtu huyohuyo, na kila mara imepungua kidogo. Salio halikai hata siku moja. Akasema wao wanatazama kinachobaki ndipo wajue mtu ataweza kulipa, na kwangu hakubaki kitu. Zaidi ya hapo, namba za taarifa hazifanani na makadirio ya kodi, na mkubwa wake atauliza ipi kati ya karatasi hizi mbili inasema kweli. Ombi halitapita. Tena akanishauri nisiombe kwingine hivi karibuni, nikae, niweke akiba, nirudi.

Kilichonikata maini ni mizani. Miaka yangu yote ghalani kazi yangu ni hiyo. Dereva akipitisha robota moja la katani mara mbili, akazunguka nyuma ya ghala akarudi nalo kama jipya, mimi ndiye ninayemshika. Nalijua robota kwa kamba yake, kwa doa lake, kwa lilivyobinuka. Nimewahi kumwambia dereva mzima mbele ya wenzake, bwana, hili tumesalimiana nalo asubuhi. Na mimi huyo nikakaa miezi sita nikizunguka nyuma ya ghala na pesa ya mke wangu kichwani.

Nilimuuliza binti, nusu natania, kama kuna zawadi ya mtu aliyetembeza pesa kuliko wote Tanga. Akatabasamu kwa huruma. Nikachukua faili langu.

Nyumbani mke wangu alinitazama miguu tu akajua. Tuliihesabu pesa ya mchezo iliyorudi, na ilikuwa imebaki ya kununulia jiko dogo la mkaa, kama lile tulilokuwa nalo. Alikohoa, akaenda kuloweka nguo.

Nilikwenda Kigombe siku ya mapumziko nikiwa nimejipanga maneno njia nzima. Mama alikuwa kitandani, ameelekea ukutani kama kawaida. Mkeka haukuwa umesogezwa. Nikamwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono mbele, kidogo kushoto kwa pale lilipo zulia.

"Bado ipo?" akauliza.

Nikamwambia ipo, mama, haijaondoka.

"Hebu niambie, ikoje."

Na mimi mwenye visheti vya kusomesha watoto, mimi niliyevifikisha Lushoto kwa ulimi, nikaitazama ile picha na sikupata neno la kuongeza. Nikamwambia ni nyeusi. Nikamwambia ina mkanda wa dhahabu, na mlango, na watu wanaizunguka. Akauliza wengi? Nikasema wengi. Akasema basi wamerudi. Kisha akauliza habari za kadi, na nikamwambia wamekataa, na hakuuliza kwa nini. Alinishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, kama anahakikisha ni mimi. Akasema pale alipo Mungu anamwona, hata kama yeye hamwoni mtu. Alilisema kunipoza, najua, maana sauti yake haikuwa na nguvu ya kumpoza yeye mwenyewe.

Niliporudi Tanga sikulala vizuri siku nyingi. Kuna jambo moja lilikuwa limebaki. Yule mzee wa Pongwe. Kama yeye aliweza, basi ipo njia aliyopita, benki nyingine, dirisha jingine, karatasi niliyoikosa mimi. Pongwe si Ulaya. Kwa baiskeli yangu ni mwendo wa jasho moja. Ila miezi yote ile sikuwahi kwenda kumuuliza, kama mpishi asiyetaka kufunua sufuria asije akakuta wali haujaiva.

Nikaenda. Nikauliza kwa mzee aliyekwenda Makka, nikaonyeshwa upesi, kila mtu anamjua. Kando ya barabara kuna nyumba nzuri ya bati jekundu, mbele ina duka la vifaa vya ujenzi, nikasema moyoni, mashallah, pointi hizo. Kijana wa dukani akaniambia mzee hakai hapo, nipite uani.

Uani kulikuwa na kibanda cha vyumba viwili, tofali za saruji zisizopigwa lipu, mlango wa mbao za makasha. Mzee alikuwa barazani anachambua mboga kwenye ungo. Shikamoo. Marahaba, karibu mwanangu, vuta hicho kigoda. Akaniletea maji mwenyewe. Nikaona haya kuanza na shida, nikaanza na sifa: nikamwambia habari zake zimefika mjini, tunajua alivyonunua saruji, tunajua kadi, tunajua pointi, mpaka kiti cha uzi wa dhahabu tunakijua. Nikamwambia nina mama, na macho yake, na nimekuja anionyeshe njia.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hakucheka. Aliweka ungo chini, akatazama bati jekundu lililokuwa linang'aa mbele yetu, kisha akanitazama mimi.

"Sina kadi, mwanangu," akasema. "Niliuza nyumba ile pale mbele, nikaenda. Saruji ilikuwa ya hiki kibanda."